Babu Kagera wa Isevya: jirani aliyetuhesabu kila magharibi

Ndugu zangu, naomba mnivumilie kwa urefu wa maandishi haya. Wiki tatu zilizopita tulimzika mzee ambaye mtaa wetu wa Isevya, hapa Tabora mjini, ulimwita Babu Kagera. Tangu siku hiyo nimejaribu mara kadhaa kuandika habari zake nikashindwa, kwa sababu nikianza na Vita ya Kagera, alikopigana na majeshi ya Idi Amin, naona nimeanza pabaya, na nikianza na baiskeli naona nimeliacha jambo lililomfanya awe yule tuliyemjua. Jina lake halisi sitaliandika, kwa kuwa familia imeomba hivyo. Mwishoni nina ombi kwa watu wenye asili ya Kondoa, na ndilo hasa lililonisukuma kuweka uzi huu, kwa hiyo ndugu wa huko nawasihi wasome hadi chini.

Nimezaliwa na kukulia nyumba ya pili kutoka kwake. Ua wa minyaa ulitutenganisha, na upande wake ulisimama mwembe mkubwa ambao chini yake aliweka kijiwe chake cha ufundi baiskeli kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilipokuwa darasa la tatu alianza kuniita nimshikie vifaa, na mengi ninayoyajua kuhusu mzee yule niliyajua nikiwa nimechuchumaa pembeni ya karai lake la maji.

Baiskeli ikiletwa na pancha aliipindua, magurudumu juu, akaingiza mipini ya vijiko vikuukuu kati ya tairi na rimu, akalikwanyua tairi na kuitoa tyubu bila kuikwaruza. Aliipiga upepo kidogo, akaizamisha kwenye karai kipande kwa kipande huku ameinamisha sikio karibu na maji, na mara nyingi alikuwa ameshapajua penye tundu kabla sisi hatujaona povu. Kisha aliifuta, akapakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akasubiri hadi ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, na hapo hakukubali kuharakishwa na mtu yeyote, hata mteja awe anawahi garimoshi. Kiraka alikikata kutoka kwenye tyubu nzee, na sikuzote alikizungusha pembe kwa mkasi, kwa kuwa, alivyonifundisha, pembe kali ndiyo inayobanduka kwanza. Mwanafunzi aliyevaa sare hakutozwa kitu kwa pancha. Wapo waliomwona mjinga kwa hilo, maana watoto wengine walikuwa wa watu wenye uwezo, lakini yeye alisema hawezi kumsimamisha mtoto barabarani ili amuulize kazi ya baba yake.

Ndani ya kopo la maziwa ya unga alimoweka gololi na spoki kulikuwa na kijiko kimoja cha alumini ambacho hakikutumika kwa kazi yoyote. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka kumi hivi, nilikichukua nilikwanyue tairi kama nilivyomwona yeye akifanya kwa vile vingine. Mzee yule sikuwahi kumsikia akimpigia mtu kelele, na siku hiyo pia hakunipigia. Alikitoa mkononi mwangu polepole, akakipangusa kwa shati lake, akakirudisha kwenye kopo, akanipa kingine. Kisha alinyamaza hadi jioni. Niliona kwamba kwenye mpini palikuwa na namba nne iliyochorwa kwa ncha ya msumari. Sikuuliza, na kwa miaka mingi iliyofuata sikuuliza.

Sasa nieleze habari ya magharibi. Kila siku, adhana inapokaribia, Babu alifunga kijiwe, akanawa mikono kwa sabuni na mchanga mpaka mafuta ya cheni yatoke, akapita mbele ya nyumba zetu kuanzia kwake hadi kwenye bomba la mtaa. Kwenye kila mlango aliuliza neno moja: "Mmetimia?" Mama zetu waliitika kutoka jikoni, "Tumetimia, baba," naye akasonga mbele. Kama nyumba haijatimia alitaka kujua nani hayupo, ameaga anakwenda wapi, na saa ngapi. Kisha hakukaa. Alisali, akarudi kusimama pale nje, na mtoto asipoonekana alikwenda kumtafuta mwenyewe.

Mwaka wa mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998, mtoto wa jirani yetu wa upande wa pili hakurudi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri na mitaro ilijaa hadi kwenye vizingiti. Wanaume wa mtaa walifuata mfereji mkubwa wakihofia lile ambalo hakuna aliyetaka kulitamka. Babu alichukua tochi, akasimama kidogo akiwaza, kisha akaenda moja kwa moja stesheni ya reli, akamkuta yule mtoto amelala kwenye benchi, kwa kuwa alikuwa amekwenda kulitazama garimoshi la Mwanza. Alirudi naye saa tatu usiku akiwa amembeba mgongoni, wote wawili wameloa chapachapa. Mama yake alitaka kumchapa mtoto papo hapo. Babu aliweka mkono katikati, akasema, "Sasa mmetimia," akaenda zake kubadilisha nguo. Mtoto yule leo ni dereva wa malori, na ndiye aliyeshika kichwa cha jeneza.

Sisi tulidhani ni mazoea ya mzee aliyependa watoto. Hakuna aliyewaza kuwa swali lile lilikuwa na mahali lilikotoka.

Ndugu mmoja ameniuliza hapa kama ni kweli alipigana vita, au ni jina la utani tu kama yalivyo majina mengi ya mitaani. Alipigana. Nasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe vipande vipande, na nimejitahidi kulinganisha na yale yanayojulikana.

Mwaka 1978 alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mkulima wa tumbaku wilayani Urambo, na alikuwa amepita mafunzo ya mgambo kijijini. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wetu pale Mutukula, yakaikalia ardhi yetu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, takribani kilomita za mraba 1,800, na siku chache baadaye yakalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga nduli tunavyo. Wenzetu mliozaliwa baadaye mnayajua maneno hayo kwa kuyasikia yakirudiwa, lakini Babu aliyasikia kwenye redio ya mwenyekiti wa kijiji, watu wakiwa wamesimama uwanjani, na alisema kwamba baada ya hotuba hakuna aliyeshangilia. Watu waliondoka kimya, kila mmoja akaenda kuangalia chakula kilichobaki ghalani.

Jeshi letu la kudumu halikutosha. Wakaitwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, hata idadi ya waliobeba silaha ikapita laki moja. Babu alipandia garimoshi hapa hapa Tabora, kwenye stesheni ile ile alikomkuta mtoto miaka ishirini baadaye, hadi Mwanza, kisha meli hadi Bukoba, kisha malori ya watu binafsi yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita, kisha miguu. Alikumbuka zaidi matope kuliko milio ya risasi. Alikumbuka pia migomba ya Kagera, ndizi zimeivia juu yake bila wa kuzikata, na nyumba ambazo milango imeng'olewa na kuchukuliwa pamoja na bawaba zake.

Aliwekwa Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo. Hili naomba lisipitwe upesi. Tunapoizungumza vita ile tunawataja majenerali, na wanastahili kutajwa. Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, Babu alikaa na redio siku nzima na hakufungua kijiwe. Lakini wengi waliotembea kutoka Mutukula hadi Kampala walikuwa wakulima kama yeye, watu ambao mwaka mmoja kabla walikuwa wakipalilia mashamba yao, na waliporudi walirudia majembe.

Mutukula ilitekwa Januari 1979 na Masaka ikafuata Februari. Kuhusu Masaka, ambako baada ya kutekwa majengo mengi yalilipuliwa kulipiza yaliyotendwa Kagera, alinijibu mara moja tu, kwamba watu waliokuwa wakiishi mle hawakuwa Amin. Sikuongeza swali. Naliandika hapa kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, na sitaki kumpunguza kwa kuyaficha aliyoyaona mazito.

Baada ya Masaka, simulizi yake sikuzote iliruka hadi Kampala. Alifika siku moja baada ya mji kutekwa tarehe 11 Aprili 1979, akakuta watu barabarani wakiwaita askari wetu "wakombozi" na kuwapa ndizi na maji. Alisimulia pia Jinja, ambako kikosi chake kilikaa kulinda, na ambako mzee mmoja wa Kiganda, fundi baiskeli, alimfundisha kazi kwa malipo ya sabuni. Ufundi wote tulioufaidi hapa Isevya umetoka kwa mzee yule, na Babu kila alipofungua kijiwe alimtaja kwa dua. Kati ya Masaka na Kampala palikuwa na pengo, nami sikuliona kuwa ni pengo hadi siku ya mazishi.

Alirudi 1980. Alikuta nchi imefunga mkanda, foleni za sukari na sabuni kwenye maduka ya RTC, yaani kampuni ya biashara ya mkoa, na ile miezi 18 ya kuvumilia ambayo Mwalimu aliiomba ikapita na kuendelea kupita. Kuhusu malipo yake ya vita nitasema kwa ufupi. Karatasi zake ziliharibiwa na mchwa, ofisi aliyokwenda ilimrudisha mara nyingi, na mwaka mmoja aliacha kwenda. Hakuzungumza kwa uchungu. Uchungu nilikuwa nao mimi, na bado ninao.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, usingizini, baada ya homa ya siku nne. Jioni ya Jumatano alikuwa amemtuma mjukuu wake apite kwenye milango kwa niaba yake. Mama yangu anasema mtoto alisimama mlangoni akauliza kwa aibu, "Babu anasema, mmetimia?" naye akajibu huku akigeuza ugali, hakujua kuwa ndiyo mara ya mwisho.

Tulimzika siku ile ile baada ya sala ya Alasiri. Kaburi lilichimbwa na vijana wa mtaa, wote wakiwa ni watu aliowaziba pancha wakiwa na sare za shule, na walikataa kupokezana na wachimbaji wa kulipwa. Mtani mmoja wa ukoo alikaa ndani ya mwanandani akadai hatoki mpaka alipwe deni la kiraka cha mwaka 1995, na hata watoto wa marehemu walicheka huku wanalia, kama inavyopasa kwa watani. Hapakuwa na bendera wala mizinga. Alikuwepo mzee mmoja tu aliyekuja kwa basi kutoka Nzega, amevaa kanzu, na juu ya kanzu amebandika medali. Udongo ulipokwisha kupangwa alisogea, akakaza magoti yaliyokuwa yakimtetemeka, akapiga saluti, akaishikilia muda mrefu hadi kijana mmoja akamshika kiwiko.

Usiku, tangani, baada ya kahawa, mzee huyo aliuliza kama Babu aliwahi kutuambia kuhusu Lukaya. Hakuna aliyejibu. Ndipo alipotusimulia, na haya yafuatayo ni yake.

Seksheni yao ilikuwa na watu kumi, na kila mmoja alikuwa na namba. Kila walipopumzika, usiku na mchana, kiongozi alisema "hesabu," nao wakaitika moja hadi kumi. Walichora namba hizo hata kwenye vijiko, ili vijiko visichanganywe. Babu alikuwa saba. Mzee wa Nzega alikuwa mbili. Nne alikuwa kijana wa Kondoa, mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na tisa hivi, ambaye alikuwa amekuja Urambo kulima tumbaku kwa ndugu yake na akaitwa vitani kutokea huko. Kwa kuwa walitoka Urambo pamoja, kiongozi alimkabidhi kwa saba.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na hapo barabara inapita katikati ya kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201 ilikuwa imeushika mji pale majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia walipoanza kurusha makombora ya roketi aina ya Katyusha. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini kwa watu ambao hawajawahi kuusikia mlio ule haikuwa na tofauti yoyote. Safu zilivunjika. Waliobaki walipoviona vifaru, nao wakarudi nyuma. Babu na kijana wake waliingia kwenye mafunjo gizani, maji yakiwafika kiunoni. Alimwambia kijana asimame hapo hapo asiondoke, yeye apapase njia mbele, atarudi kumchukua. Alikwenda hatua ambazo mwenyewe alikadiria kuwa arobaini. Aliporudi hakumkuta, na hakuweza kumwita kwa sauti.

Kabla ya kupambazuka walikusanywa upya. Kiongozi akasema hesabu. Moja, mbili, tatu, kisha kimya. Akasema tena hesabu. "Tukakwama kwenye tatu," mzee alisema, na akarudia neno hilo mara mbili, akitazama kikombe chake. Mara ya tatu kiongozi aliamuru waliruke, na walipofika kwa saba, saba hakuweza kutoa sauti, ikabidi aliyefuata aitike mara mbili.

Asubuhi ile ile ya tarehe 11 walirudi mbele, na Brigedi ya 208 ikashambulia kutoka upande wa pili, hadi adui akavunjika na kuacha mamia ya maiti, wakiwemo Walibya wengi. Vitabu vinaieleza Lukaya kama ushindi mkubwa, na ni kweli ulikuwa ushindi. Babu aliomba ruhusa ya saa mbili, akaingia tena kwenye mafunjo. Alirudi na shanta la yule kijana. Ndani mlikuwa na soksi, kipande cha sabuni, na kijiko.

Tuliposikia hayo mjukuu wake aliinuka, akaenda kijiweni, akarudi na kopo la gololi, akalimimina juu ya mkeka. Mzee wa Nzega alikitambua kijiko kabla hakijaacha kutikisika. Akachomoa kutoka mfukoni cha kwake, chenye mbili.

Kuna jambo moja zaidi alilotuambia. Mwaka 1981 Babu alipanda basi kwenda Kondoa kukipeleka kijiko kile kwa mama wa kijana. Alifika kijijini alikoelekezwa, akaambiwa familia imehama, na aliyejua imehamia wapi hakupatikana. Alirudi tena miaka michache baadaye, na mara ya pili hakupata hata mtu anayelikumbuka jina. Kumbe mwaka niliokichukua kijiko kile kulikwanyulia tairi, yeye alikuwa bado anatafuta.

Naomba sasa nije kwenye ombi langu. Ndani ya daftari la wateja wa Babu, ukurasa wa kwanza kabisa, yameandikwa majina kumi kwa namba. Mbele ya namba nne limeandikwa jina la baba wa kijana na jina la kijiji. Sitayaweka hapa hadharani, kwanza kwa heshima ya familia ambayo huenda haijui, na pili ili nipate namna ya kuhakikisha. Ninachoweza kusema ni kwamba baba yake alikuwa fundi cherehani, kijana aliondoka Kondoa kwenda kulima tumbaku Urambo kabla ya vita, na hakurudi. Kama kwenu kulikuwa na kaka, mjomba au baba mdogo wa namna hiyo, waulizeni wazee waliobaki, hata kama wamehamia Dodoma, Babati au kwingineko.

Ndugu mmoja amependekeza nikipeleke kijiko makumbusho, au kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba. Namshukuru, na ni pendekezo la heshima, lakini watoto wa marehemu wamesema hapana, nami nakubaliana nao. Babu hakukihifadhi miaka yote ile kwa ajili ya makumbusho.

Atakayekuwa na habari aniandikie faragha, anitajie jina la baba na jina la kijiji. Yakilingana na yaliyo kwenye daftari, nitasafiri mwenyewe pamoja na mjukuu wake, na mzee wa Nzega ameomba tumpitie naye tukienda. Kijiko tumekifunga kwenye kitambaa cheupe, tumekirudisha kwenye kopo lake la gololi, na kopo liko kwa mama yangu.